Tasfida na Tumbo Langu

Nilianza kufundisha Kiswahili mwaka 1982, nikiwa nimetoka chuo cha ualimu na mashati mawili ya kuvalia darasani, nikastaafu mwaka 2018. Katika miaka hiyo yote, somo la tasfida nililipenda kuliko mengi. Nilichora ubaoni safu mbili. Kushoto niliandika maneno makavu: kufa, kuzaa, kunya, kukojoa. Kulia niliandika mavazi yake: kuaga dunia, kujifungua, kwenda haja kubwa, kwenda haja ndogo. Wanafunzi waliicheka safu ya kushoto, nami nikawaacha wacheke kidogo, kisha nikawaambia kwamba mtu aliyelelewa vyema huishi katika safu ya kulia. Walijibu mtihani, walipata alama zao, nasi tukaendelea na misemo na nahau.

Naandika leo, ndugu wasomaji, kwa sababu safu ya kulia nusura inizike.

Ugonjwa wangu ulianza mwishoni mwa masika ya mwaka juzi, hapa Tanga, kwa maumivu ya chini ya kitovu upande wa kushoto. Yalikuja na homa, na choo kikawa kigumu siku mbili, kisha nikaharisha. Mke wangu alisema ni chango. Jirani yetu, mzee anayefahamu dawa za miti shamba, alisema ni ngiri. Kijana wa duka la dawa akasema ni vidonda vya tumbo, akanipa vidonge. Mpenzi wa lugha na ayatazame maneno hayo. Chango kwetu ni utumbo, na pia ni minyoo, na pia ni maumivu ya wanawake. Ngiri ni ugonjwa wa nyama za ndani kusukumwa nje ya mahali pake, lakini watu wengi huliita ngiri kila umivu lililo chini ya mshipi wa mwanamume. Na vidonda vya tumbo huumiza juu, karibu na chembe ya moyo, si kule chini nilikoshika mimi. Nilikuwa na majina matatu na sikuwa na ugonjwa hata mmojawapo. Zahanati moja ilinipa dawa za kuua vijidudu, maumivu yakaisha, nami nikasahau.

Baada ya miezi mitano yalirudi, makali zaidi. Nikapata dawa zilezile. Kisha, wiki chache baadaye, likazuka jambo ambalo sikumwambia mtu.

Nilipokuwa nikienda haja ndogo (mnaona, hata sasa mkono wangu umekimbilia safu ya kulia), mkojo ulitoka na hewa. Si mapovu ya juujuu, ambayo kila mtu huyaona chooni. Hewa yenyewe, kwa mlio, mwishoni mwa mkojo, kama chupa ya soda inayofunguliwa taratibu. Mkojo ulikuwa mchafu na una harufu isiyo yake. Nilipima, nikaambiwa ni U.T.I., nikameza dozi. Nikapona wiki mbili, ikarudi. Nikameza nyingine. Kwa muda wa miezi sita nilitibiwa U.T.I. mara nne, na kila mara nilipoulizwa najisikiaje nilijibu, "Naona mambo ya huko hayajakaa sawa." Mhudumu aliandika alichodhani nimesema. Kwa umri wangu, "huko" kukiwa hakujakaa sawa, kila mtu hufikiri tezi dume. Nami nilifikiri hivyohivyo, na kwa kuiogopa tezi dume nikazidi kunyamaza. Neno la kuieleza hewa ile nilikuwa nalo, na kila mtoto wa darasa la kwanza analo, lakini lilikuwa katika safu ya kushoto.

Binti yangu wa kwanza, anayeishi Dar es Salaam, ndiye aliyenitoa. Alikuja likizo, akaniona nimekonda, akanipandisha basi.

Daktari bingwa wa upasuaji aliyenipokea alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu mdogo. Aliniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba, na pale pale nikajua kwamba sitasema. Ningemwambiaje mtoto aliyetoka kuniamkia? Akauliza habari za tumbo, nikajibu. Akauliza habari za choo, nikajibu kwa mafumbo. Kisha akaweka kalamu chini, akauliza, "Mwalimu, mkojo unatoka na hewa?"

Nikasema, "Kuna mabadiliko kidogo."

"Mabadiliko gani?"

"Mambo ya huko, mwanangu, hayajakaa sawa."

Akaniuliza mara ya tatu, kwa upole uleule, wala hakutafuta neno la kunisaidia. Binti yangu alikuwa amekaa pembeni. Nikamwomba atoke nje, akatoka. Nikatazama chati ya ukutani, nikasema sentensi ambayo kwa miaka 36 ningemtoa mwanafunzi darasani kwa kuitamka: "Daktari, nikikojoa, najamba kwa mbele."

Hakucheka. Aliandika, tena aliandika kwa muda, kisha akasema, "Ahsante sana, Mwalimu. Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta."

Picha za kipimo zilithibitisha alichokuwa amekwisha kukijua. Akachukua karatasi akanichorea. Utumbo mpana huanza chini kulia, hupanda, huvuka tumbo, hushuka upande wa kushoto, na kabla ya kufika mwisho hujipinda kama herufi S. Katika mpindo huo, ukuta wa utumbo wangu ulikuwa umetokeza vijifuko vidogo vidogo. Hutokea, alinieleza, pale ambapo mishipa ya damu hupenya misuli ya utumbo, kwa kuwa hapo ukuta ni dhaifu; shinikizo la ndani husukuma ngozi laini ya ndani itokeze nje. Watu wengi huwa navyo uzeeni wasijue mpaka wafe kwa jambo jingine. Kwa wachache, kimoja huvimba na kuingia usaha. Changu kilivimba, kikapona, kikavimba tena, kikajishikiza kwenye kibofu cha mkojo kilicho jirani yake, na mwishowe kikatoboa njia. Hewa ya utumbo ilikuwa ikipita humo, na uchafu vilevile. Dawa zote za U.T.I. duniani zisingeliziba tundu hilo.

"Kwa hiyo," akasema, "una fistula."

Hapo nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na picha. Neno fistula mimi nililijua kutoka redioni: ni maradhi ya mama aliyepata uchungu wa muda mrefu akajifungua kwa shida, mkojo ukawa unamtoka wenyewe. Nilidhani daktari amekosea faili. Akanifafanulia kwamba fistula ni njia yoyote isiyo ya asili baina ya viungo viwili, na kwamba hii yangu huwapata zaidi wanaume, kwa kuwa kwa mwanamke mji wa mimba husimama kati ya utumbo na kibofu kama ukuta. Kiswahili chetu kimelichukua neno pana kikalipa chumba kimoja tu, na mimi mwanamume sikuwa na mahali pa kukaa ndani yake.

Jioni ile binti yangu alimpigia simu mama yake. Alimwambia baba ana "uvimbe kwenye utumbo". Nilisikia kilio cha mke wangu kutoka upande wa pili wa chumba. Daktari alikuwa amesema utumbo umevimba. Binti yangu amegeuza kitenzi kuwa nomino, na nomino hiyo kwa masikio ya kila Mswahili ni saratani. Goti lililoteguka lina uvimbe, na kansa ya titi ni uvimbe. Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile. Lipo neno mchochota, ambalo linanipendeza kwa kule kuwaka moto ndani, lakini sijamsikia mgonjwa hata mmoja akilitumia, wala daktari. Na vile vijifuko vyenyewe vina jina gani? Daktari alilitaja jina la Kilatini akalipa sauti za Kiswahili, divatikula, kisha akatumia "vifuko". Mgonjwa mwenzangu aliviita "vichuguu". Mimi nilijaribu "vibweta", nikaona ni madoido. Aliyekibuni kidoletumbo alifanya kazi safi: mtu hulisikia mara moja akaiona nyama ile ndogo inaning'inia mahali pake. Sisi wa vifuko bado hatujapata fundi kama yeye.

Kuhusu kupasuliwa, daktari hakuniharakisha. Alisema zamani waganga walihesabu: ukiugua mara mbili, unakatwa. Siku hizi humtazama mtu mmoja mmoja, na wengi wenye vifuko huachwa na dawa na chakula bora. Lakini njia iliyokwisha kutobolewa hadi kwenye kibofu kwa kawaida haijifungi yenyewe, na uchafu unaoingia humo unaweza kupanda hadi kwenye figo au kuingia katika damu. Kisha akanieleza tofauti baina ya upasuaji wa kupanga na ule wa dharura. Ukija kwa miguu yako, tumbo limetulizwa kwa dawa, daktari hukata kipande kibovu, huunganisha ncha mbili, huziba kibofu, basi. Ukiletwa usiku, utumbo umepasuka na usaha umeenea, mara nyingi haiwezekani kuunganisha. Ncha ya juu hutolewa nje kwenye ngozi ya tumbo, nawe hunya katika mfuko uliobandikwa hapo, pengine kwa miezi, pengine kwa maisha. Na hata huo wa kupanga una hatari yake: maungio yanaweza kuvuja siku chache baadaye, ukarudishwa mezani, na mfuko ukaja hapo.

Nilimuuliza ingekuwa baba yake angefanya nini. Akasema baba yake angekwisha kukata tiketi ya kurudi kijijini. Tukacheka, na sikupata jibu.

Nilikaa wiki saba nikimeza dawa na kusita. Ule mfuko ndio ulionitesa. Kifo nilikuwa nimekwisha kukizoea kwa majina yake yote mazuri. Lakini kinyesi kwenye ubavu wangu, mbele ya mke wangu, mbele ya wajukuu, hicho sikukipatia tasfida. Mke wangu ndiye aliyekata shauri, tena jikoni, akiwa anachambua mchele. Alisema, "Nimewatawaza watoto wako watano. Wewe utanishinda nini?" Kesho yake nikapiga simu Dar es Salaam.

Katika wiki hizo nilisoma habari za Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, katika hospitali ya Mulago. Wengi humjua kwa saratani ya taya za watoto inayoitwa kwa jina lake. Lakini mwaka 1971, yeye na mwenzake Neil Painter waliandika katika jarida la madaktari la Uingereza kwamba ugonjwa huu wa vifuko ni upungufu unaotokana na ustaarabu wa Kimagharibi. Waafrika, alisema Burkitt, hawaupati kwa urahisi kwa sababu chakula chao kina nyuzinyuzi nyingi, choo chao ni kikubwa na laini, na utumbo haulazimiki kukaza. Wataalamu wa leo hawaikubali nadharia hiyo yote, maana umri na nasaba navyo vimo. Hata hivyo nilipoisoma nilijiona. Baba yangu alikula dona hadi alipokufa. Mimi nilipopata mshahara wa kwanza wa ualimu niliingia dukani nikanunua sembe, nyeupe kama chaki, na tangu siku hiyo dona halikuvuka kizingiti changu. Asubuhi mkate mweupe, jioni chapati. Nilikuwa nikionyesha kwamba nimesoma. (Karanga na mbegu, ambazo nilikatazwa na kila jirani, daktari aliniambia nile bila hofu, katazo hilo limeachwa.)

Siku ya kuweka saini ridhaa, fomu ilikuwa ya Kiingereza. Kiingereza nakisoma. Lakini nilimwomba daktari anisomee kwa Kiswahili, kwa kuwa nilitaka kuridhia kwa lugha ninayoogopea. Akakubali, na ikawa kazi kwetu sote wawili. Penye jina la yale maungio alisita, nikamwambia "kiungo", akasema kiungo tayari ni mkono na mguu, tukaafikiana "maungio". Alipofika kwenye kifo, akasema, "na pia, Mwalimu, unaweza kufa." Hakusema kufariki. Nilitia saini.

Upasuaji wenyewe siujui. Nilinyweshwa dawa ya kusafisha tumbo, nikakesha chooni, asubuhi nikalazwa chali chini ya taa, nikaambiwa nivute pumzi. Nilipoamka kulikuwa na mpira wa mkojo, dripu mkononi, na mke wangu ananitazama tumboni kabla ya kunitazama usoni. Nikapeleka mkono polepole ubavuni. Bandeji tu. Hapakuwa na mfuko.

Lakini bado palikuwa na kuvuja, na hapo ndipo nilipokutana tena na somo langu. Aliyekatwa utumbo husubiriwa ajambe. Ndiyo habari inayongojwa, kwa maana upepo ukipita ni dalili kwamba utumbo umeamka na njia i wazi. Kila asubuhi muuguzi alizunguka vitanda sita vya wanaume akiuliza, "Baba, umetoa hewa?" Fundi wa magari wa kitanda cha pili alijibu, "Gari halijawaka." Mvuvi wa Kigamboni alisema kusi bado. Mzee mmoja aliyekuwa mhasibu alisema hana cha kuripoti. Sijapata kuona tasfida nyingi namna ile zikizaliwa mahali pamoja, na ninasikitika sikuwa na daftari. Walituinua tutembee tangu siku ya pili, kila mtu ameshika dripu yake kama mkongojo.

Siku ya tatu tumbo lilijaa na kuuma, nami nikaamini maungio yamevuja. Usiku wa kuamkia siku ya nne sikulala. Nilitunga ubeti mmoja kichwani, nikihesabu mizani kwa vidole chini ya shuka:

Tumbo langu nakwambia, sitini umenibeba,
Nami sikukusikia, vya laini nikashiba,
Sasa kisu chaingia, kutoa palipoziba,
Unga kilichobakia, tusirudie msiba.

Si ubeti mkubwa. Kisu kilikuwa kimekwisha kuingia siku tatu nyuma, na wahakiki mtaniuliza kwa nini nimetumia wakati uliopo. Sina utetezi isipokuwa kina. Nilitaka pia kuingiza lile neno la safu ya kushoto, mizani ikakataa, au mimi nilikataa nikaisingizia mizani.

Alfajiri, kabla ya adhana, lilitoka. Refu. Wodi ilikuwa kimya, kwa hiyo hapakuwa na shaka limetoka kitanda gani. Muuguzi alipofika na swali lake, nikamjibu kwa Kiswahili fasaha, "Nimejamba, mwanangu." Fundi wa magari akapiga makofi, na mhasibu akaniomba samahani kwa kucheka, maana alikuwa na mshono.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Mpira wa mkojo ulitolewa siku ya kumi na mbili baada ya kipimo kuonyesha kibofu kimeziba. Kipande kilichokatwa kilipelekwa maabara, jibu likaja kwamba hakuna saratani. Mke wangu aliisoma karatasi ile mara tatu akitafuta neno uvimbe. Sasa nakula dona, na wajukuu wananicheka.

Mwezi uliopita alinitembelea mwenzangu tuliyefundisha naye miaka kumi na moja, mwalimu wa historia, naye mstaafu. Tulikunywa kahawa barazani. Nilipomaliza kumsimulia haya akainama, akasema kwamba hata yeye, kwa muda sasa, mambo ya huko hayajakaa sawa. Nikamuuliza, "Unakunya damu?" Alitazama kama mke wangu yu karibu. Akazungusha kikombe. Akasema, "Tangu Ramadhani."

Tunasafiri Jumatatu kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi. Nitakapomwona daktari ningependa nimpelekee jina la vile vifuko, kwa hiyo mwenye neno na aniandikie kabla ya Jumapili.